Tangi Jeusi Pembeni mwa Picha

Kwanza nieleze hasira yangu inatoka wapi, maana bila hasira hiyo nisingefanya nililofanya.

Mimi ni msanifu wa michoro mjini Kisii. Watu huniita "yule madam wa kompyuta". Ofisi yangu ni chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la mbegu na dawa za mimea, na ndani yake mna kompyuta, mashine ya kuchapisha, jamaa mmoja mtu mzima anayeiendesha mashine hiyo, na benchi la wateja. Benchi hilo ndilo adui yangu. Kila asubuhi naliweka mbele ya meza ili mteja akae anitazame usoni tuzungumze. Kufika saa nne limeshahamishwa nyuma ya kiti changu, wateja wamejipanga juu yake, na vidole vyao viko kwenye skrini.

Sisi watu wa huku hatuendi kutengenezewa kitu peke yetu. Mtu akitaka kadi ya harusi huja na shangazi, mweka hazina wa kamati na jirani mwenye gari. Wote wanne ni wasanifu kuliko mimi. "Madam, songesha hiyo jina kidogo. Hapana, rudisha. Sasa weka maua hapo, hapo kumebaki wazi." Nafasi wazi huwaumiza kama jino bovu. Nikiacha upana wa vidole viwili ili jicho lipumzike, mtu atauliza kwa nini alipie karatasi ambayo haina kitu.

Niliwahi kuhudhuria mafunzo ya wiki moja Nairobi kuhusu namna mbunifu anavyopaswa kufikiri. Tulibandika vikaratasi vya rangi ukutani, tukafundishwa kwamba kazi haianzii kwenye kompyuta, inaanzia kwa mtu atakayeishika. Umuulize, umtazame, uchore vibaya, umwonyeshe, uchore tena. Nilirudi nimejaa moto. Mteja wa kwanza alikuwa mwenye hoteli aliyetaka bango. Nikamuuliza, "Ni watu wa aina gani hula kwako?" Akanitazama akanijibu, "Wale wako na njaa." Nikamuuliza wanakuja saa ngapi, wanaketi muda gani, ni nini huwarudisha. Akaangalia saa yake. Kesho yake nikaona bango lake limechorwa na jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, kuku mzima amesimama juu ya sahani akiwa hai, na manyoya yake. Hoteli ilijaa.

Basi nikazoea kutouliza. Nasema ukweli, niliacha kuuliza kwa sababu ya uvivu wa kukasirika kila siku. Nikawa nafanya wanachotaka, na moyoni nangoja siku moja aje mteja aniambie fanya unavyoona wewe. Nilimngoja huyo mteja miaka.

Alikuja Jumatatu moja, na alikuja peke yake.

Alikuwa mwanamume wa makamo, amevaa koti zuri, anafanya kazi ya ofisi Nairobi. Alikuwa kifungua mimba wa mzee mmoja wa Birongo aliyekuwa amefariki, mwalimu mkuu mstaafu na mzee wa kanisa. Mazishi yalikuwa Alhamisi. Alitaka kijitabu cha mazishi, nakala mia tatu.

Kwa asiyejua, kijitabu cha mazishi kwetu si karatasi ya kutupa. Jalada lina picha ya marehemu, ndani mna ratiba, historia ya maisha yake, na orodha ya aliowaacha. Watu huenda nacho nyumbani, wakakiweka kabatini pamoja na hati za shamba na vyeti vya shule. Mimi mwenyewe nimekuta vya kabla sijazaliwa nyumbani kwetu Kiogoro, vimefungwa kwa uzi. Na vyote vina sura moja: njiwa anaruka, mshumaa unawaka, mawaridi pembeni, na marehemu amebandikwa katikati ya mawingu. Nimetengeneza mamia ya hivyo. Yule njiwa nimemrusha mpaka nikamchukia.

Mwanamume huyo aliniwekea mezani maandishi yaliyopigwa chapa vizuri, hayakuzidi kurasa tatu, na picha moja. Nikamuuliza anataka iweje. Akasema, "Wewe ndiye fundi. Fanya vile unaona itapendeza. Lakini kwa jalada weka hii picha, si nyingine."

Nikamwambia arudie. Akarudia.

Alipoondoka nilimwambia jamaa wa mashine asinisemeshe. Niliishika ile picha nikaenda nayo dirishani. Ilipigwa nyumbani kwa mzee, inaonekana ni asubuhi. Mzee ameketi kwenye kiti cha mbao mbele ya nyumba, kofia iko gotini, mke ameketi kando yake, watoto wao wakubwa wamesimama nyuma. Nyuma yao mteremko wa majani chai umeshuka mpaka unapotelea chini. Mzee hakuwa akitazama kamera. Alikuwa anatazama kofia yake, na ametabasamu kama mtu aliyekumbuka mzaha wa zamani. Sijawahi kuletewa picha ya namna hiyo. Huletewa za kitambulisho, mtu amekodoa macho.

Ilikuwa na dosari moja tu. Upande wa kushoto palikuwa na tangi la maji la plastiki, jeusi, kubwa, limekaa hapo kama ng'ombe aliyekataa kuondoka njiani. Jicho lilikuwa linakimbilia tangi kabla ya mzee. Pembeni mwa tangi alisimama mwanamke mwenye kitambaa kichwani, mbali kidogo na wengine. Nilimwona. Siwezi kusema sikumwona. Nilidhani ni jirani aliyekuja kusaidia kupika, kamera ikamkuta hapo.

Nikakata upande ule wote. Tangi likaenda, na mwanamke akaenda nalo.

Mara picha ikatulia. Mzee akawa ndiye wa kwanza kuonekana, kisha kofia, kisha majani chai. Nikaacha sehemu ya juu ya jalada nyeupe kabisa, bila njiwa wala mshumaa, jina la marehemu kwa herufi nyembamba, chini. Ndani nikaacha pambizo pana kama za kitabu cha mashairi. Ilikuwa kazi nzuri kuliko yoyote niliyowahi kuifanya Kisii, na nilijua hivyo nilipokuwa naifanya. Jumanne asubuhi nilimtumia mteja kwa simu. Hata dakika haikuisha akajibu: "Safi kabisa. Chapisha."

Hakuna mteja aliyewahi kunijibu haraka hivyo. Ningepaswa kujiuliza. Badala yake nilimwita jamaa wa mashine nikamsomea lile jibu mara mbili. Kufika alasiri nakala mia tatu zilikuwa zimepigwa pini na kupangwa kwenye maboksi.

Jumatano nilipofika ofisini nilimkuta mama mmoja amesimama mlangoni. Viatu vyake vilikuwa na matope ya huko juu, kwa hiyo nilijua ametoka mbali na ametoka mapema. Tukasalimiana kwa Kikisii, kisha alipoona nafungua ofisi akageuzia Kiswahili, kile cha kwenda nacho mahali pa serikali.

"Mimi nimetoka Birongo," akasema. "Ile kitabu ya mazishi ya mwalimu, ni wewe umetengeneza?"

Nikasema ni mimi, na nakiri nilitabasamu. Nilidhani amekuja kunipongeza.

"Ile picha iko na watu kumi na wanne. Msichana wangu alinionyesha jana kwa simu, ile mmetuma kwa kundi ya mazishi. Nimehesabu. Iko kumi na tatu."

Nikamtazama vizuri. Alikuwa yeye, yule wa kando ya tangi.

Nikamwonyesha benchi aketi. Akaketi, akaniambia mambo polepole, bila kulia, jambo ambalo lilinifanya nione haya zaidi. Yeye alikuwa mke wa pili wa mzee. Aliolewa kwa ng'ombe, mbele ya wazee, na nyumba yake iko boma lile lile. Lakini harusi ya kanisani ilikuwa ya mke wa kwanza, na mzee alipofanywa mzee wa kanisa, habari ya nyumba ya pili ikawa haitajwi, ingawa kila mtu aliijua. Mzee alipofariki, watoto wa nyumba ya kwanza wakasema mke ni mmoja. Wazee wa ukoo wakakaa kikao kutwa nzima. Mwisho wakapatana. Jina lake halitaandikwa wala kusomwa, ili mchungaji asitiwe katika shida. Lakini picha ya jalada itakuwa ile ya familia, yote, ambamo yeye amesimama nyumbani kwake pamoja na wengine, na kila atakayekuja mazishini ataondoka nayo.

"Kwa maneno walisema siwezi wekwa, nikasema sawa," akaniambia. "Kwa picha walikubali. Sasa hata kwa picha umenitoa."

Hapo hakuhitaji kunifafanulia lililobaki. Kwetu ardhi hugawanywa kwa nyumba. Siku ya kugawa itakapofika, wazee hawa watakuwa wamezeeka au hawapo, na mtu atafungua kabati. Kama yeye ni mke, wanawe ni nyumba ya pili na wana upande wao wa shamba. Kama si mke, wanawe watapewa kile ndugu zao watakachojisikia kuwapa. Kikao cha siku nzima kilikuwa kimemwachia kitu kimoja tu cha kushika, nami nilikuwa nimekikata kwa sababu hakikupendeza.

Akaniuliza, "Ni nani alikutuma unitoe?"

"Hakuna, mama."

"Hakuna mtu alikutuma?"

"Hakuna."

"Sasa ulinitoa kwa nini?"

Nilikuwa na majibu. Kazi yangu ina majibu mengi kuhusu jicho na mahali linapokimbilia. Nikafungua picha nzima kwenye kompyuta, nikamwambia, "Nilikuwa naondoa hili tangi."

Akainama akalitazama tangi kwenye skrini.

"Hiyo tangi ni yangu," akasema. "Nilinunua na pesa yangu ya majani chai. Ndio nikasimama hapo."

Kwa miaka nimelalamika kwamba watu wa hapa hawajui kutunga picha, wanasimama popote, wanaacha vyombo na ndoo nyuma yao. Kumbe huyu alikuwa amechagua mahali pake kwa makini kuliko nilivyochagua mimi. Na sikumuuliza mtu swali hata moja. Swali dogo tu, hawa ni nani, lingetosha, na mwanamume yule alikuwa ameketi hapo hapo benchini. Nilikuwa nimefurahi mno kuachiwa uhuru wangu.

Nikampigia simu kifungua mimba. Nikamwambia kuna kosa kwenye jalada, nimekata picha, nataka kurekebisha.

"Kosa gani?" akauliza. "Iko poa sana."

"Kuna mtu ametoka."

"Kwani nani amelalamika?"

Nikamtazama mama benchini. Nikasema nimeligundua mwenyewe.

"Madam, kila mtu ameipenda. Usiguse kitu. Nakuja kuzichukua."

Nikajua basi. Hakuwa ameniambia nikate, na asingeweza kuniambia, kwa sababu alikuwa amekubali mbele ya wazee. Alileta picha nzima kama walivyopatana. Kisha akamwachia fundi afanye anavyoona, na fundi mwenye majivuno akamfanyia alichoshindwa kukipata kikaoni. Au labda nami namsingizia. Labda aliiona tu imependeza, na alipogundua kilichotoka akaona ni bahati. Sijui mpaka leo, na hilo linaniudhi kuliko kama ningejua.

Mama akanipa namba ya mzee wa ukoo aliyeongoza kikao. Nikampigia. Nilimweleza yote kwa heshima zote, nikamwita mzee kila baada ya sentensi. Akasikiliza, akakohoa.

"Tulisema picha itawekwa," akasema. "Imewekwa ama haijawekwa?"

"Imewekwa, mzee, lakini imekatwa."

"Kukatwa hatukuongea. Sasa mwanangu, tuzike mtu wetu kwanza. Hayo mengine yatangoja."

Akakata simu. Nilitaka kuirusha ya kwangu dirishani. Nikasema maneno mabaya kwa Kikisii, mama yule akajifanya hajasikia.

Jamaa wa mashine ndiye aliyetoa wazo. Jalada halingeweza kuchapishwa upya lote siku ile, karatasi ile nzito ilikuwa imekwisha na ya Nairobi ingefika kesho jioni. Lakini ya kawaida ilikuwepo. Tungeweza kuchapisha picha nzima, pana, kwenye karatasi moja ya kukunja, na kuichomeka ndani. Mama akasema hapana, karatasi ya kuchomeka itaanguka njiani, watoto waichezee. Lazima ishikwe na pini kama zingine. Alikuwa na haki. Huyo ndiye mtu pekee aliyewahi kunipa maoni ya usanifu nikayakubali mara ya kwanza. Tukapanga iwe karatasi ya katikati: tung'oe pini, tutie karatasi, tupige pini tena, nakala mia tatu.

Mashine ikaanza. Karatasi zilikuwa zinatoka moja moja, na tangi jeusi lilionekana kwenye kila moja, mama amesimama kando yake wima kabisa. Hatukuwa tumeng'oa hata pini ya kwanza mteja alipoingia. Alikuwa amekuja mapema, na nje pikapu ilikuwa inanguruma.

Akamwona mama benchini. Nilingoja kelele. Hapakuwa na kelele. Aliinamisha kichwa, akamsalimia kwa adabu anayostahili mke wa baba, akamuuliza habari ya safari. Kisha akazitazama zile karatasi kwenye mashine, akachukua moja, akaitazama, akairudisha mahali pake kifudifudi.

"Madam, hii sikuagiza."

"Ni kosa langu. Nalirekebisha bila malipo. Nipe saa mbili."

"Watu wa hema wananingoja," akasema. "Nilichoagiza kiko tayari. Hicho ndicho nachukua."

Nilisimama mbele ya maboksi. Nasema nilisimama, lakini nilisimama vile mtu husimama akijua atasogea. Alikuwa mteja, kazi ilikuwa yake, mtu alikuwa amekufa, na kesho walikuwa wanazika. Akasema tu, "Tafadhali, dada." Nikasogea.

Alipomaliza kubeba maboksi alirudi juu akamwambia mama yule, "Mama, twende. Nitakufikisha nyumbani." Na mama akainuka. Angefanya nini? Nikachungulia dirishani nikamwona amepanda mbele, amekaa kando ya dereva, na nyuma maboksi yale yamefunikwa turubai. Nilibaki na karatasi mia tatu zenye joto bado, nimekasirika kiasi kwamba jamaa wa mashine alitoka akaenda kunywa chai bila kuaga.

Alhamisi nilizitia kwenye mfuko nikaenda Birongo. Nilikuwa nimejiapiza njiani. Nitasimama langoni, kila anayepewa kijitabu nitampa na karatasi. Wanifukuze.

Nilikuta hema limejaa. Vijitabu vilikuwa mikononi mwa watu wote, weupe wa jalada umetapakaa kila mahali, na mwanamume mmoja aliyeketi karibu yangu alikuwa anakishika kwa ncha za vidole asikichafue. Akamwambia mwenzake, "Hii imetengenezwa na mtu anajua kazi. Angalia vile mwalimu anacheka." Mwenzake akasema hajawahi kuona ya heshima namna hiyo. Maneno hayo nilikuwa nimeyangoja tangu nitoke chuoni. Nikayasikia nikiwa nimekumbatia mfuko, nikatamani kumpokonya kijitabu chake.

Nikaanza kuufungua. Mkono ukanishika kiwiko. Alikuwa yule mama. Hakuwa ameketi na wajane, maana mjane alikuwa mmoja. Alikuwa na wanawake wa jikoni, na mikono yake ilikuwa na utomvu wa ndizi. Akanivuta mpaka nyuma ya jiko.

"Usitoe," akasema.

"Mama, nimekuja nazo zote. Ziko mia tatu."

"Ukitoa, watasema nimekuleta niharibu mazishi ya bwana yangu. Wewe utarudi Kisii. Mimi niko hapa." Akafuta mikono kwa leso. "Nipe moja."

Akatoa kijitabu chake, akaniambia niitie karatasi ndani, ishikwe na pini. Sikuwa na stepla. Nikainua pini zile kwa kucha, moja ikanikata kidole, nikaichomeka karatasi katikati, nikazilaza tena kwa mgongo wa kijiko alichonipa. Nilipokuwa nazilaza, akili yangu ilikuwa tayari imefika siku ile ya kugawa shamba. Atakitoa hiki mbele ya wazee, na watu watatoa vyao, vyote vinafanana isipokuwa chake. Watamwambia umekitengeneza wewe. Nikamwambia hivyo. Sikuona faida ya kumficha.

"Najua," akasema. "Ndio sasa uandike."

"Niandike nini?"

Akakifunga kijitabu, akanionyesha jalada. Alitaka niandike kwamba mimi ndiye fundi, kwamba picha ilikuja kwangu nzima, na mimi ndiye niliyeikata. Nikatoa kalamu. Niliandika kwenye ile nafasi nyeupe ya juu, kwa sababu hapakuwa na nafasi nyingine ya kutosha. Nikamsomea. Akaniambia nisome tena, polepole.

"Ongeza hakuna mtu alikutuma."

Nikasita. Nikamwambia nafikiri kifungua mimba alilitaka jambo lile, hata kama hakulisema, na haki ni kuandika hivyo. Nilikuwa tayari. Nilitaka sana kuandika hivyo, kwa kuwa ingenipunguzia lawama.

Akanitazama kama ninavyowatazama wateja wasioelewa.

"Ukiandika ni yeye, hiyo ni maneno ya nyumba yetu, watapigana nayo miaka. Ukiandika ni wewe ulikosea, basi wazee walisema niwe ndani, na kitabu ikakosewa. Makosa ya fundi haivunji maneno ya wazee." Akanisogezea kijitabu. "Andika ni makosa."

Ng'ambo ya ukuta mtu alikuwa anasoma historia ya marehemu kwa kipaza sauti, ile niliyoipangia pambizo pana. Nikaandika chini ya mengine kwamba hakuna aliyenituma. Kisha nikaandika kwamba jalada hili ni kosa, nikaweka jina langu na sahihi, na yeye akaupulizia wino mpaka ukakauka.